Kwa nini mgonjwa wa kupooza anapewa sinia la sambaza? Jinsi ergoterapeuta anavyofikia uamuzi

"Daktari amempima, muuguzi amemtundikia seramu, na sasa kijana huyu anamwambia mama achambue sambaza. Hayo nayo ni matibabu?"

Kwa maneno hayo au mengine yanayokaribiana nayo, lalamiko hili linajulikana kwa yeyote aliyewahi kumuuguza mtu hospitalini Goma. Familia imeuza mbuzi, imelipia vipimo, imenunua dawa, halafu inamkuta mgonjwa wake ameketishwa mbele ya sinia la samaki wakavu. Au anaambiwa avae blauzi mwenyewe, huku mtu mwenye koti jeupe akimtazama bila kunyoosha hata kidole. Inaonekana ni mchezo, na mwenye hasira huona ni uvivu. Tangu mapigano ya mwishoni mwa Januari 2025, wakati hospitali kama CBCA Ndosho zilipofurika majeruhi, familia nyingi ambazo hazikuwahi kusikia habari za kurekebisha viungo zimejikuta ndani ya vyumba hivyo, na swali ni lile lile.

Nataka kueleza kinachoendelea kichwani mwa yule anayetazama. Kutazama kule ndiko sehemu ngumu ya kazi yake, na familia isipoielewa huiharibu bila kujua.

Tuanze na maneno. Katika tiba hii, "shughuli" ni jambo lolote linaloijaza siku ya mtu: kuoga, kuvaa, kula, kufua, kusali, kuuza, kusoma, kucheza, kumbeba mtoto mgongoni. Ergoterapia, ambayo wenzetu wa Tanzania huiita tiba kwa vitendo, ni tiba inayomsaidia mtu kuzirudia shughuli zake baada ya ugonjwa au ajali, na inazitumia shughuli hizo hizo kama njia ya kumtibu. Mtaalamu wake ni ergoterapeuta. Si fani iliyozuliwa juzi. Chama chake cha kwanza kiliundwa mwaka 1917 katika mji mdogo wa Clifton Springs, jimbo la New York, wakati Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa vikirudisha nyumbani vijana waliojeruhiwa viungo na akili. Shirikisho lake la kimataifa lilianza mwaka 1952.

Watu humchanganya na kine, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na si ajabu, kwa kuwa ergoterapeuta kwetu ni wachache na mara nyingi kine ndiye anayezibeba kazi zote mbili. Kine huanzia kwenye mwili unaosogea: nguvu ya msuli, kiungo kinachojikunja, hatua, pumzi. Ergoterapeuta huanzia upande mwingine: mtu huyu anataka kufanya nini, na nini kinamzuia? Kizuizi kinaweza kuwa msuli. Kinaweza pia kuwa macho, kumbukumbu, huzuni, kizingiti cha mlango, au mume asiyetaka mke wake aonekane nje katika hali ile.

Mwendo wa mawazo kutoka kwenye swali hilo hadi uamuzi wa nini kifanyike leo, kwa mtu huyu, wataalamu huuita kufikiri kitabibu. Ndio tutakaoufuata hapa.

Mkono wa blauzi na dhana sita

Tuchukue mfano, ambao nimeutunga kwa ajili ya makala hii. Mama wa miaka 50 na kitu, muuza sambaza wa Kituku, kando ya ziwa. Amepatwa na AVC, yaani kiharusi: mshipa wa damu umeziba ndani ya ubongo, na sehemu iliyokosa damu imeumia. Upande wa kulia wa ubongo huongoza upande wa kushoto wa mwili, kwa hiyo mkono na mguu wake wa kushoto umelegea. Majirani wamesema ni karuho, amelishwa sumu na mwenye wivu wa biashara yake, na siku za kwanza zimepotea katika kutafuta nani kamfanyia. Sasa ni wiki ya tatu. Ergoterapeuta anampa blauzi yake na kumwomba aivae. Mama anaingiza mkono wa kulia, anafunga kifungo kimoja, anasema amemaliza. Mkono wa kushoto uko nje.

Binti yake ana jibu tayari: "Mkono hauna nguvu." Huenda ni kweli. Ila mtaalamu aliyefunzwa vizuri hajiruhusu kusimama hapo. Kichwani mwake zinapangwa dhana, yaani maelezo yanayowezekana, na kila moja inasubiri ushahidi.

Ya kwanza ni hiyo ya binti: bega na kiwiko vimelegea mno. Ya pili: nguvu ipo kidogo, lakini mkono hauhisi, na mama hajui mkono wake uko wapi mpaka autazame. Ya tatu: ubongo umeacha kuushughulikia upande mzima wa kushoto. Macho ni mazima, ila mawazo hayaendi huko. Ya nne: mpangilio wa tendo umevurugika, hajui tena nguo inaanzia wapi. Ya tano: amevunjika moyo, haoni sababu ya kuvaa. Na ya sita, ambayo kijana mgeni wa kazi huisahau: mama anaona haya kujifunua mbele ya mwanamume wa umri wa mwanawe, na ameharakisha ili jambo lile liishe.

Ukiitazama blauzi peke yake, dhana zote sita zina sura moja. Maamuzi yanayotokana nazo yanaachana kabisa. Kama ni udhaifu, mama atafundishwa kuanza kuvaa na mkono mgonjwa na kuvua kwa kuanza na ule mzima. Kama mkono hauhisi, jambo la haraka ni moto na maji: asipime joto la maji kwa mkono wa kushoto. Kama ni huzuni iliyokomaa, daktari lazima ajue, kwa kuwa huzuni baada ya AVC ni ya kawaida na inatibika. Kama ni haya, mazoezi yote ya dunia hayatasaidia. Anahitajika mtaalamu wa kike, au binti aingie na pazia livutwe.

Ndipo sinia linapoingia. Sambaza zimetandazwa sinia zima, na mama anaombwa kutoa takataka na samaki waliovunjika. Anafanya kwa haraka na ustadi wa mtu aliyezaliwa katika kazi hiyo. Anafika katikati, anasimama, anasema tayari. Nusu ya kushoto haijaguswa. Mtaalamu anazungusha sinia polepole mpaka samaki waliobaki waje upande wa kulia.

"Hizi zimetoka wapi tena?" mama anauliza.

Swali hilo lina thamani kubwa kuliko kipimo kingi cha mashine. Dhana ya tatu imepata nguvu. Lakini bado haijashinda, kwa sababu kuna hali nyingine inayofanana nayo: AVC inaweza kukata sehemu ya uwanja wa kuona. Tofauti ni kwamba mtu aliyepoteza uoni wa upande mmoja mara nyingi hujifunza kugeuza kichwa akatafute kisichoonekana. Yule ambaye ubongo wake umeupuuza upande hajui hata kwamba kuna cha kutafutwa. Kwa hiyo mtaalamu anaendelea kuokota dalili. Anamuuliza binti kama mama huacha chakula nusu ya sahani. Anatazama kama mama hujigonga bega la kushoto mlangoni. Ushahidi ukikubaliana kutoka sehemu tatu au nne, uamuzi unachukuliwa: kitambaa chekundu kitawekwa ukingo wa kushoto wa sinia, na mama atajizoesha kutoanza kazi yoyote kabla ya kukiona kile kitambaa. Baadaye kitambaa kitaondolewa, na kugeuka kushoto kutabaki kuwa tabia.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asitumie karatasi. Vipimo vya karatasi vipo, vya kukata vistari kwa kalamu, na ni vizuri. Ila mama huyu hajashika kalamu tangu utotoni. Akishindwa, utakuwa umepima ubongo au shule? Sambaza anazijua. Akishindwa kwenye sambaza, kosa si la mazoea.

Na kuna hatari ambayo binti, akitazama mkono tu, hakuiwaza. Kwetu magari hupita upande wa kulia. Mtu akishuka kwenye ukingo wa barabara kuvuka, pikipiki ya kwanza kumfikia itatokea kushoto kwake. Mama mwenye mkono ulioanza kupata nguvu, anayetembea vizuri, na ambaye hana habari na upande wa kushoto, yuko katika hatari kubwa kuliko yule aliyelala kitandani. Familia huomba aruhusiwe kurudi sokoni siku anapoanza kutembea. Mtaalamu akisema "bado", si ukatili.

Njia tatu kwa wakati mmoja

Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti nchini Marekani walianza kuwafuatilia ergoterapeuta kazini ili wajue hasa wanafikiri vipi. Mwanaanthropolojia Cheryl Mattingly na ergoterapeuta Maureen Fleming walikuwa mstari wa mbele. Walichokiona ni kwamba wataalamu hawa hawafikiri kwa mstari mmoja. Mwaka 1991 Fleming alieleza kuwa akili ya mtaalamu huenda katika njia tatu sambamba.

Mtazame motari mzuri, dereva wa pikipiki, anayempeleka mama mjamzito kutoka Ndosho hadi hospitali. Jicho lake liko barabarani: jiwe, shimo, breki, lori lililo mbele. Sikio lake liko kwa abiria: ameshika vizuri? anaugulia? anaogopa? Na wazo lake liko mwisho wa safari: hospitali ipi, kwa njia ipi, na ikiwa hali itabadilika njiani afanye nini. Akiiacha moja kati ya hizo, safari imeharibika, hata kama mbili nyingine anazifanya vizuri sana.

Njia ya kwanza ya ergoterapeuta ndiyo hiyo ya barabara: ugonjwa ni upi, mwili umeumia wapi, mbinu gani inafaa. Hapa ndipo elimu ya chuo inapofanya kazi, na hapa ndipo dhana zetu sita zilipopangwa. Njia ya pili ni ya kumsoma mtu aliye mbele yake: anaogopa nini, anapenda kutaniwa au kuheshimiwa kwa ukimya, anamwamini nani katika familia. Njia ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote. Mtaalamu anajaribu kuyaona maisha ya mgonjwa miezi sita mbele, katika nyumba yake halisi, na watu wake halisi, kisha anarudi nyuma kuamua leo ianze na nini. Maono hayo yana masharti: kama mkwe atabaki nyumbani, kama mkono utarudi kiasi, kama familia haitalazimika kuhama tena.

Mattingly aliongeza jambo ambalo mimi naliona ndilo kiini. Wataalamu walikuwa wakiwaza kwa njia ya hadithi. Ugonjwa umeikata hadithi ya mtu katikati, na kazi yao ni kumsaidia kuipatia sura inayofuata ambayo yeye mwenyewe atakubali kuiishi. Ndiyo sababu maswali yao yanasikika kama maongezi ya barazani.

"Mama, jioni ukifika nyumbani, unaanza na nini?"

"Ninawasha mbabula, mwanangu. Wajukuu wanakuja kunizunguka pale."

"Na ugali anasonga nani?"

"Miye. Mkwe wangu anajua, hatujakosana. Lakini watoto wanasema wa bibi ndio ugali."

Mtaalamu alikuwa amejiandikia "kurudi sokoni" kama lengo la kwanza. Sasa anajua kuna jambo lililo karibu zaidi na moyo wa mama, na tena lina hatari ndogo kuliko barabara ya Kituku. Kipo chombo kilichobuniwa na ergoterapeuta wa Kanada kinachofanya jambo hili kwa utaratibu: mgonjwa hutaja shughuli zinazomsumbua, kisha kila moja huipa alama kati ya 1 na 10 kwa umuhimu wake, kwa jinsi anavyoimudu, na kwa jinsi anavyoridhika nayo. Alama hutolewa na mgonjwa, na baada ya wiki kadhaa hurudiwa. Wengine huona hilo si sayansi. Lakini kama mama alijipa 2 katika kusonga ugali na sasa anajipa 6, tumejifunza kitu ambacho kipimo cha nguvu ya mkono hakikuweza kutuambia.

Kusonga ugali kwa mkono mmoja kunashindikana kwa sababu sufuria inazunguka na mwiko. Basi kazi ya wiki hii ni kutafuta fremu ya mbao ya kuishika sufuria, kiti cha kimo kinachofaa, na mbabula ihamishiwe kulia kwa mama, mbali na upande asiokuwa na habari nao. Fundi seremala wa mtaani anaiweza fremu hiyo. Hapo ndipo tiba ilipofika, kutoka kwenye mkono mmoja wa blauzi.

Mawe ya Nyiragongo yanaingia kwenye uamuzi

Vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa kwa ajili ya miji yenye barabara laini na maji bombani. Goma imejengwa juu ya mawe ya volkeno ya Nyiragongo. Mwaka 2002 lava ilipita katikati ya mji, na mwaka 2021 ikafika ukingoni mwake. Nyumba nyingi ni za mbao juu ya mawe hayo, choo kiko nje, maji yanakuja kwa bido. Mtaalamu anayefikiri bila kuyaweka haya mezani ataamua vizuri kwenye karatasi tu.

Kiti cha magurudumu ni mfano unaofaa kuutafakari. Familia nyingi huamini kwamba kiti ni kiti, na kwamba anayepewa kiti amepewa tiba. Kiti cha kawaida cha hospitali kina magurudumu mawili madogo mbele. Kwenye mawe yetu yananasa na kumpindua mtu kifudifudi. Kiti cha magurudumu matatu, chenye gurudumu moja kubwa likiwa mbele kabisa, hupita vizuri zaidi kwenye ardhi mbovu, lakini ni kirefu na huenda kikashindwa kugeuka ndani ya chumba kidogo. Baiskeli ya mikono ya magurudumu matatu, kama zile zinazotumiwa na wafanyabiashara wenye ulemavu wanaovusha mizigo kati ya Goma na Gisenyi, inampa mtu kipato na heshima, ila inadai mikono yote miwili iwe na nguvu na mgongo uweze kujishikilia. Kwa mama yetu haifai. Kwa kijana aliyepigwa risasi ya uti wa mgongo chini ya kifua, inaweza kuwa ndiyo maisha yake, mradi kwanza afundishwe kuinua makalio kitini kila baada ya dakika 15 hadi 30. Hahisi maumivu, na kidonda cha kukalia kinaweza kumrudisha hospitalini, hata kumuua.

Kwa hiyo mtaalamu anapouliza mlango wenu una upana gani, au choo kiko hatua ngapi, au nani hulala chumba kimoja na mgonjwa, anachagua kifaa. Anapouliza mna pesa ya pikipiki mara ngapi kwa mwezi, hataki kuwaaibisha. Anataka kujua kama mpango wa kuja hospitalini mara tatu kwa wiki ni mpango au ni ndoto. Mpango wa mazoezi mawili ambayo mkwe atayasimamia nyumbani una faida kubwa kuliko mazoezi kumi ya kitaalamu ambayo nauli itayaua wiki ya pili.

Wagonjwa wengine hawana anwani ya kudumu. Familia iliyohama mara kadhaa haiwezi kujengewa reli ya kushikia ukutani. Kwao uamuzi huelekea kwenye kile mtu anachoweza kuondoka nacho: ujuzi mikononi mwa mama na binti, gongo jepesi, mbinu ya kumhamisha mgonjwa kutoka mkekani hadi kitini bila kumvuta mkono.

Hilo la kumvuta mkono linahitaji kusemwa kwa sauti. Baada ya AVC, misuli inayoshikilia bega hulegea, na mfupa wa mkono unaweza kuteleza kutoka mahali pake. Ndugu wenye upendo humshika mgonjwa mkono uliolegea wakamwinua nao kitandani. Wengine huukunja na kuunyoosha kwa nguvu, wakiamini kwamba akilia ndiyo inafanya kazi. Maumivu katika bega hilo si dalili ya kupona. Vivyo hivyo kwa aliyekatwa mguu chini ya goti: mto unaowekwa chini ya goti ili apate raha hulizoesha goti kubaki limekunjwa, na goti lisilonyooka litaleta taabu kubwa siku ya kuvaa mguu wa bandia. Muuguzi akiuondoa mto huo, tafadhali usiurudishe.

Anapobadilisha mpango

Jambo linaloondoa imani ya watu haraka kuliko jingine ni mtaalamu kubadili maneno. Wiki iliyopita alisema hivi, leo anasema vile, basi anabahatisha. Ukweli ni kinyume chake. Uamuzi katika tiba hii ni dhana iliyovishwa vitendo. Unaijaribu, unatazama, unaipima tena. Kama kitambaa chekundu hakijasaidia baada ya majaribio ya kutosha, mtaalamu anayeendelea nacho kwa sababu tu alikisema ndiye wa kuogopwa.

Uzoefu hubadilisha namna ya kufikiri, na hapa pana hatari zake. Anayeanza kazi hufuata kanuni moja moja, polepole, akiogopa kukosea. Mzoefu huona kwa kutupa jicho: namna mama alivyoketi, macho yanayokimbilia kulia, mkono uliosahaulika chini ya paja. Kasi hiyo ni mali. Lakini mzoefu aliyekwisha kuona wagonjwa wengi wa AVC anaweza kumwona huyu kuwa ni mmoja wao tu, akapita juu ya huzuni yake, au juu ya haya yake. Wazoefu bora ni wale wanaojisimamisha na kujiuliza: ni jambo gani, nikiliona, lingenionyesha kuwa nimekosea? Mgonjwa na familia wana haki ya kuuliza swali hilo hilo kwa heshima: "Papa, ni nini kitakachotuonyesha kuwa mpango huu unafaa, na tutajua lini?" Mtaalamu anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa.

Baadhi ya maamuzi hayana jibu la kisayansi hata kidogo. Watoto wa mama wanasema amefanya kazi ya kutosha, sasa alale, wamhudumie. Wanasema kwa upendo. Mama anasema akilala atakufa. Mtaalamu hawezi kuipima hiyo kwa chombo. Anajua kwamba mkono usiotumiwa hurudi nyuma, na anajua pia kwamba katika nyumba zetu mgonjwa hatoki hospitalini peke yake. Anatoka mikononi mwa ukoo. Atawaketisha pamoja. Atauliza kazi gani mama anaweza kuachiwa ambayo haitawafanya watoto waonekane mbele ya majirani kwamba wamemtelekeza.

Ngumu zaidi ni ya mtoto mwenye ulemavu uliotokana na ubongo kuumia wakati wa kuzaliwa. Mama yake ana swali moja: atatembea? Wengine hutembea, wengine hapana, na mapema mara nyingi haiwezekani kusema. Mtaalamu mwaminifu hatoi ahadi, na pia hatamki hukumu. Anaanza na kitu ambacho kitayaokoa maisha ya mtoto wiki hii: kumlisha akiwa ameketishwa wima, kichwa kikiinama mbele kidogo, badala ya kulazwa chali ambapo uji unaweza kuingia mapafuni. Mama akiona mtoto amekula bila kukohoa, mazungumzo kuhusu kutembea yanakuwa na msingi wa kusimamia.

Sehemu ya kazi iliyo mikononi mwenu

Katika yote haya, kuna ushahidi ambao hospitali haina na familia inao. Mkienda kumwona ergoterapeuta au kine, pigeni picha za nyumba kwa simu: mlango, kitanda, njia ya kwenda chooni, mahali pa kupikia. Pimeni upana wa mlango kwa kamba na mje na hiyo kamba. Kiti cha mtu mzima kina upana wa karibu sentimita 60 hadi 70, kwa hiyo kila kidole kina maana.

Mwelezeni siku ya mgonjwa ilivyokuwa kabla ya ugonjwa, tangu alfajiri, pamoja na mambo mnayoyaona ni madogo: alikuwa akienda misa ya asubuhi, akisuka nywele za wajukuu, akihesabu pesa za likelemba, ule mchango wa zamu. Mwambieni mlichokwisha kujaribu nyumbani, hata kama ni dawa ya mizizi, hata kama ni kuchanjwa chale, hata kama mlifanya kwa siri ya mmoja wenu. Mtaalamu haulizi ili awahukumu. Dawa ya kuchua inayounguza, ikipakwa kwenye mkono usiohisi, huacha kidonda ambacho bila maelezo yenu kitampeleka kwenye dhana isiyo sahihi.

Na akimpa mgonjwa wenu blauzi au sinia, kaeni kando. Mkimwingizia mkono kwa huruma, au mkimnong'oneza kwamba samaki wengine wako kushoto, mtakuwa mmeificha dalili aliyokuwa akiingoja. Mlichokiona mkiwa mmekaa pale, kiwekeni akilini, mumwambie mtaalamu baada ya mgonjwa kumaliza.